Lionel Mulonda na Singe Namba 4471

Wapendwa waombolezaji, Mchungaji, wazee wa kanisa, nanyi mlioacha kazi zenu kuja kumsindikiza ndugu yetu, haya nitakayosoma sikuhadithiwa na mtu, niliyaona yote kwa macho yangu haya mawili, mimi shemeji yake, kaka yake mjane, Mama Fortunée, kwa hiyo atakayesikia tofauti huko mlangoni ajue anadanganywa.

Marehemu Lionel Mulonda alizaliwa Uvira, Kivu ya Kusini, tarehe 14 Januari 1969, akaja duniani amekunja ngumi, nami nilishuhudia ingawa nilizaliwa miaka mitatu baadaye, maana mkunga alikuwa mama yangu mzazi, na macho ya mama ni macho ya mtoto. Alianza shule ya msingi palepale Uvira mwaka 1975, akafika mwaka wa pili wa sekondari, akafukuzwa mwaka 1983 kwa kumvunja taya mwalimu wa hesabu, ingawa mwalimu ndiye aliyeanza kwa fimbo, kisha akajifunza kulehemu na kupiga tupa katika gereji ya baba yake.

Tarehe 25 Oktoba 1996, vita vilipoingia mjini, watu watatu wenye silaha walivunja mlango wao saa nne asubuhi, mmoja akachomoa singe, kile kisu kirefu kinachofungwa mbele ya bunduki, akamchoma Papa Mulonda tumboni mara mbili, mara ya tatu Lionel akaidaka singe kwa mkono mtupu, vidole vyake viwili vya kushoto vikaanguka sakafuni kama vipande vya muhogo, naye kwa mkono wa pili akamng'ang'ania yule mtu mkanda mpaka ukakatika, mtu akakimbia na singe yake, ala ya kuichomekea, iliyoning'inia mkandani, ikabaki mkononi mwa Lionel, ala ya chuma nyeusi iliyogongwa namba 4471. Papa Mulonda hakufika adhuhuri. Ala ile ilivuka ziwa ndani ya suruali ya Lionel hadi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na siku hiyo aliapa kwamba, kwa kuwa singe na ala yake hugongwa namba moja, atakayekutwa na singe ya namba ile ndiye muuaji, atamchinja.

Alifunga ndoa na dada yangu Fortunée kambini tarehe 10 Aprili 1999, wakajaliwa Henriette mwaka 2000, wakafika Birmingham tarehe 3 Novemba 2005, wakapewa nyumba Stechford, akapata kazi katika kiwanda cha kusaga vyuma, na mwaka uliofuata akazaliwa Josué.

Mwaka 2009, kwenye mnada wa vitu vya kale, alikuta singe za namna ileile zimepangwa juu ya meza ya Rajinder, mfanyabiashara wa Great Barr, ambaye alimfundisha kwamba hizo ni za Wajerumani, za vita vile vikubwa, na vita vilipokwisha majeshi mengine yalizichukua, yakasaga alama za zamani, yakabadilisha mpini, yakazitia weusi upya, ndipo zikasambaa duniani hadi kwetu. Lionel akawa bingwa, akipitisha ukucha juu ya chuma anakuambia hapa palikuwa na alama ikasagwa, mpini huu si wake, akakusanya singe arobaini na moja chini ya kitanda, dada yangu akilala juu ya jeshi zima, na kila aliyoleta aliitazama namba kwanza.

Jumamosi tarehe 15 Juni 2019, kwenye karamu ya ubatizo wa mtoto wa Henriette, ukumbini Small Heath, Omer kinyozi, aliyewahi kuwa askari ujanani na hakupenda kusema wapi, alimletea zawadi iliyofungwa kwa gazeti, akasema, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa, "Yaya Lionel, nimekuletea mutoto mwingine kwa familia yako ya vyuma." Lionel akafungua, akakuta singe, akasoma 4471. Alimrukia Omer wakaangukia meza, wali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, vikamwagika, akamkalia kifuani, akamtia ncha chini ya taya mpaka damu ikachuruzika kwenye shati jeupe, Omer akilia, "Yaya, kwa jina ya Yesu, niliinunua kwa Rajinder!" na Fortunée akipiga kelele, "Lionel, utaua mutu mbele ya batoto?" na Josué akimsihi baba yake aache, "Dad, stop it, stop it!" Tulikuwa wanaume wanne kumtoa, nikapoteza jino, hili pengo mnaliona. Polisi walipouliza, Omer, akiwa na kitambaa shingoni, alijibu, "Mimi ni kinyozi, nilijikata."

Jumatatu Omer mwenyewe alimleta Rajinder Stechford na kioo cha kukuzia. Rajinder akaonyesha jinsi 4471 ilivyogongwa juu ya chuma kilichosagwa, akasema, "Rafiki, kila karakana ya jeshi ilianza namba zake upya, 4471 nimeziuza mbili kabla ya hii, na mafundi walirundika singe huku, ala kule, wakachomeka yoyote. Aliyemuua baba yako angeweza kushika namba yoyote duniani." Lionel aliitazama ala yake, akaitazama shingo ya Omer, akatoka kwenda uani, na kwa zaidi ya miaka minne na nusu hakumsalimu Omer, kwa aibu, si kwa chuki.

Februari 2024 aligunduliwa na saratani ya mapafu. Omer alikuja bila kuitwa, kila Jumamosi, akamnyoa ndevu kitandani kwa wembe wazi, na siku ya kwanza Lionel alimshika mkono akasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Alifariki tarehe 6 Machi 2025, saa tisa alasiri, amenyolewa vizuri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Stechford, wenzake wa kiwandani, na Rajinder aliyeketi pale nyuma. Yaya Lionel, kapumzike, umepigana vya kutosha.

Ila Omer ananitazama, na mbele ya jeneza siwezi kusema uongo. Lile neno "nisamehe" nimeliweka mimi. Lionel hakusema kitu. Wembe ulipomkaribia, aliinua kidevu, akafumba macho.