Mama Muhuri Aondoka na Shahada Yake

Tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili alasiri, Mama Muhuri atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwa mhazili wa Idara ya Maendeleo ya Kimataifa na Usuluhishi wa Migogoro. Jina refu kweli kweli kwa idara yenye vyumba vitatu, walimu wawili na wanafunzi ambao, mwaka ukiwa mzuri, hufika ishirini na wanne. Yeye amelichapa lote kwenye kila barua, hakulifupisha hata siku moja.

Alianza kazi na cheti cha kupiga chapa na mtoto mchanga mgongoni. Akakabidhiwa muhuri wa idara, na tangu hapo anayeutaka sharti aandike jina daftarini. Mkuu wa chuo mwenyewe aliwahi kurudishwa mlangoni akaandike lake. Akaandika, tena kwa herufi kubwa.

Wanafunzi humwita Shangazi. Anajua nani hajala, nani kagombana na mchumba, na nani anajidai mgonjwa kumbe insha haijaanza.

Siku binti yake, yule yule wa mgongoni, alipohitimu hapa hapa, Mama Muhuri alirudi ofisini na nguo zake za sherehe, akajaza fomu ya kusoma shahada ile ile. Wafanyakazi husoma bure, jioni, somo moja kwa muhula. Lakini kanuni haina huruma: ukistaafu hujamaliza, jina linafutwa. Alisoma miaka tisa. Mumewe, fundi cherehani, alimuuliza maswali ya mtihani huku akishona, na siku hizi mteja akienda kupunguza suruali anapewa kwanza mhadhara kuhusu misaada ya kigeni.

Zikabaki wiki tatu astaafu, na kazi moja tu: asuluhishe mgogoro halisi, aandike ripoti, walimu wote wawili watie saini.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Walimu hao, mabingwa wa kufundisha maridhiano, walikuwa hawasemezani mwaka wa sita. Chanzo ni dirisha la ofisi yao ya pamoja. Mmoja alitaka liwe wazi, mwingine lifungwe. Waliandikiana vikaratasi, na Mama Muhuri ndiye aliyevibeba kutoka meza moja hadi nyingine, hatua nne. Kati ya migogoro yote ya dunia hii, akauchagua huo. Ukimshinda, miaka tisa inakwenda na maji.

Kwanza aligoma kubeba vikaratasi. Kisha akamsikiliza kila mmoja peke yake, kwa chai, kalamu mkononi. Halafu akamwamuru kila mmoja aandike malalamiko ya mwenzake, arudie mpaka mwenye malalamiko akubali kwamba ndivyo yalivyo. Jaribio la nne likatoa mambo. Mmoja hubanwa na kifua hewa ikiwa nzito. Mwingine sikio lake moja limeanza kufa, na kelele za barabarani zikiingia hasikii kitu, ila aliona haya kusema. Miaka sita, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake kwa nini.

Mmoja alilia. Mwingine akacheka mpaka akalia pia. Ndipo Mama Muhuri alipoomba kabati la mitihani ya zamani lisogezwe, na nyuma yake kulikuwa na dirisha la pili, linalotazama bustani tulivu. Alilijua siku zote. Tulipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu kwamba tungeanza kugombea kabati.

Naam, walimu wenyewe ni sisi. Ripoti tuliitia saini siku hiyo hiyo, na tarehe ishirini na saba matokeo yakatoka: daraja la kwanza! Chuo kizima kilisikia vigelegele, hata wale waliokuwa kwenye mtihani.

Mama Muhuri, asante kwa barua, kwa chai, na kwa kutuonea huruma sisi wasomi. Pumzika kwa raha, wewe na fundi wako, na afya isikupungukie. Wasifu huu tumeuandika wawili, kwenye meza moja, bila mjumbe. Umetuchukua siku nne, kwa sababu tulikuwa na mazungumzo ya miaka sita ya kumalizia.