Mama Nani-Analipa na Chumba cha Ukarabati: Maisha ya Mhasibu na Mwalimu, 1957–2024

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina alilobandikwa na wanafunzi wake, Mama Nani-Analipa, alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Alikuwa kitinda mimba wa baba mwashi na mama mkunga. Mbele yake alikuwapo kaka mmoja tu, aliyemtangulia kwa miaka mitano. Kaka huyo anasimulia kwamba marehemu, meno ya utotoni yakiwa bado kinywani, alikwisha kuamua jinsi ya kugawana kazi ya kuteka maji ya kuoga: mwenye ngozi pana ateke zaidi. "Kaka, wewe una mgongo mkubwa," alimwambia, na kaka akashika ndoo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1975. Mwaka uliofuata baba alianguka akiwa kazini, na mguu wake haukupona sawasawa. Karo ya chuo cha uhasibu ikabebwa na kaka, ambaye wakati huo alikuwa fundi katika kiwanda cha viatu. Aliilipa kwa miaka mitatu, Jumapili zake zote zikiishia kazini. Cheti kilipotoka, mwaka 1979, alikizungusha kiwandani meza kwa meza kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto mchanga.

Mwezi Aprili 1980 kiwanda hichohicho kilimwajiri marehemu. Ofisi ya hesabu ilikuwa ghorofani, na dirisha lake lilitazama chumba cha ukarabati, ukumbi mrefu kuliko kumbi zote za kiwanda, ambamo viatu vilivyochoka vya watu wa mji vilishonwa upya. Kaka alifanya kazi humo pamoja na mafundi wenzake kumi na mmoja. Harufu ya gundi ilipanda hadi ofisini, na wahasibu walizoea kulalamika, isipokuwa mmoja.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na mpiga chapa mpole, aliyependa kusema kwamba alimchagua kwa sababu ndiye mteja wa kwanza kumsahihishia kazi na kisha kumwomba radhi. Walijaliwa binti na mwana. Mume alitangulia mbele ya haki mwaka 2011.

Katikati ya mwaka 1984 uongozi ulimwagiza aonyeshe ni idara ipi ya kiwanda inaleta faida na ipi inaleta hasara. Kila idara ilikuwa na mapato yake na matumizi yake. Lakini zilikuwapo pia gharama za pamoja, kama vile mlinzi, bima ya jengo na mshahara wa meneja, ambazo hazikuwa za idara yoyote. Marehemu alizigawa kama alivyofundishwa, kwa ukubwa wa sakafu. Mwenye ukumbi mrefu akabebeshwa fungu kubwa. Chumba cha ukarabati, kilichokuwa kikijilipia kila mwezi na kubakiza kidogo, kikaonekana kinakula jasho la wenzake. Ripoti ilitoka ikiwa na jina la idara ya hesabu tu. Ijumaa, tarehe 31 Agosti 1984, chumba kilifungwa, na mafundi wote kumi na wawili wakaachishwa kazi. Marehemu alipandishwa cheo.

Kufunga chumba hakukumwondoa mlinzi getini wala kupunguza bima ya paa. Gharama zile zilihamia kwa idara zilizobaki, na idara ya mikoba, ambayo haikuwahi kudaiwa hasara, ikaanza kuonyesha hasara. Nayo ikafungwa, mwaka 1986. Kiwanda kizima kilifuata mwezi Machi 1989. Mama aliyeuza chai getini alihama, duka la nyuzi na ngozi lilifunga milango, na rejesta za shule ya jirani zinaonyesha madarasa mawili yakiunganishwa kuwa moja.

Kaka alipata nafasi chini ya ngazi za duka la vitambaa, akawa anashona viatu vya wapita njia. Kila mwisho wa mwezi marehemu alimpelekea bahasha, na kila mara kaka alishukuru kwa mikono miwili. Binti yake marehemu anasema mama yake alikuwa akirudi kutoka huko hawezi kula.

Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, alijiunga na chuo kikuu kuusoma uhasibu upya. Wawili waliosoma naye wanakumbuka somo moja kwa namna inayolingana. Mhadhiri alichora ubaoni kiwanda chenye idara tatu, akauliza ipi ifungwe. Marehemu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, akataja ile ya tatu. Mhadhiri akaifuta, akahamishia gharama zake za pamoja kwa zile mbili, akauliza tena. Darasa zima likataja ya pili. Ikafutwa nayo. Akaendelea hivyo mpaka ubaoni akabaki mlinzi peke yake.

"Sasa huyu analinda nini?" mhadhiri aliuliza. "Nani kakifunga kiwanda hiki?"

"Mama huyu hapa mbele," alijibu kijana wa nyuma, na watu wakacheka.

Marehemu alitoka nje. Mwenzake mmoja alimkuta kwenye mabomba akinawa uso, ananawa tena.

Katika sherehe ya shahada yake, mwaka 1994, kaka alisimama na chupa ya soda mkononi akawaambia wageni: "Mdogo wangu angeulizwa, chumba chetu kingekuwepo hadi leo." Alikuwa akiyasema hayo mtaani kwa miaka kumi. Zamu ya marehemu ilipofika, alishukuru wageni kwa kuja, akaketi.

Alifundisha chuoni kuanzia mwaka 1995 hadi alipostaafu mwaka 2019. Mwanafunzi hakuruhusiwa kugusa takwimu za idara yoyote kabla hajakaa humo siku nzima. Kila jibu lililoletwa alilipokea kwa swali moja, "Na nani analipa?", hata wanafunzi wake wa zamani wakawa wanaulizana hivyo hotelini, chakula kinapofika mezani. Alisisitiza kwamba hesabu haikai kimya baada ya kuandikwa: watu huitii, na inachoita mzigo hutupwa. Mfano wake mkuu ulikuwa wa kiwanda fulani cha viatu. Mwanafunzi mmoja alimuuliza mhasibu wa kiwanda hicho alifanywa nini. "Alipandishwa cheo," alijibu, na darasa likacheka. Miaka yote ile hakuwaambia kwamba ni yeye.

Mwezi Juni 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Kaka alikuja kila Alhamisi kumkanda miguu. Alhamisi ya tarehe 16 Novemba, binti akiwapo chumbani, marehemu alisema:

"Kaka, ripoti ya chumba chenu niliiandika mimi."

Kaka hakuacha kukanda. "Walikulazimisha?"

"Hapana."

"Basi ulikosea hesabu."

"Hesabu ilikuwa sahihi. Niliikokotoa mara mbili."

Kaka akamfunika miguu. "Afadhali ungekosea," alisema, akaondoka.

Hakuja Desemba, wala Januari. Akipigiwa simu alijibu, "Mwambieni nipo," basi. Marehemu alikataza asisihiwe. Alisema mtu aliyenyimwa ukweli miaka thelathini na tisa asiharakishwe. Tarehe 8 Februari 2024 kaka alibisha hodi.

"Bado nimekasirika," alisema akiwa mlangoni.

"Najua."

"Haya, sogeza miguu nikae."

Tangu siku hiyo alikuja kila siku. Hasira haikutajwa tena, wala msamaha. Marehemu alifariki dunia mchana wa tarehe 3 Machi 2024.

Aliacha agizo kwamba habari ya chumba isomwe mbele yenu, kwa kuwa mafundi wengine hakuwahi kuwafikia. Katika kikao cha familia shangazi alipinga: aibu ya maiti, alisema, aijuaye ni mwosha. Kaka ndiye aliyejibu. "Yeye alinitazama usoni akasema. Sisi tuogope karatasi?" Kwa hiyo imesomwa, na mliokuwa mafundi wa chumba kile, pamoja na watoto wenu, familia inawaomba radhi.

Marehemu ameacha kaka, shangazi, binti, mwana na wajukuu wanne.

Aliagiza pia kwamba asiombewe pumziko na mtu kwa kulazimishwa. Anayeweza, na aseme sasa: apumzike kwa amani. Asiyeweza, na anyamaze, na hapa hakuna atakayemlaumu. Kaka yake ameomba asubiriwe, aseme wa mwisho.