Esteria Ntamahungiro, Binti Aliyepewa Uzee

Mwakeye, wasikilizaji wapendwa. Mwakeye mlioko Kasulu, mlioko Kibondo, mlioko shambani na redio mmeitundika kwenye tawi. Mimi ni Siti Dadi. Kahawa yangu leo imepoa mezani, sijaigusa, kwa sababu ninayekuja kumzungumzia nilimfahamu.

Jumanne iliyopita, asubuhi, alifariki dunia Mama Esteria Ntamahungiro, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Alizaliwa Murungu, Kibondo, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tano. Wengi wenu jina hilo hamlijui. Nikisema Bibi, yule Bibi wa mchezo wa kuigiza, wazee wa kijiji cha Makere watainua vichwa. Ndiye huyo. Esteria Ntamahungiro ndiye aliyekuwa Bibi. Na alipoanza kuwa Bibi, wasikilizaji wapendwa, alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nieleze taratibu.

Januari ya mwaka sabini na nne Esteria alipanda lori la mahindi kutoka Kibondo hadi Kasulu. Alikuwa na sanduku la bati na jozi moja ya viatu, ambavyo alivivaa alipoanza kuona nyumba za mjini. Alikuwa amechaguliwa kuingia chuo kidogo cha sanaa za jukwaani. Chuo hicho hakipo tena. Wanafunzi walikuwa ishirini na wanne, wengine kutoka mikoa ya mbali, na kozi ilikuwa ya miaka miwili. Kila mwaka chuo kilitengeneza mchezo mmoja mkubwa, kikauzungusha vijijini kwa lori. Na kila mwaka wanafunzi walishindania nafasi. Unasimama mbele ya walimu na wenzako, unasema maneno ya mhusika unayemtaka, kisha unasubiri karatasi ibandikwe mlangoni.

Mchezo wa mwaka ule ulimhusu msichana aitwaye Nyanzobe. Njaa imeingia kijijini, mbegu zimekwisha, na Nyanzobe anatoka peke yake kwenda kuzitafuta. Wasichana tisa walimtaka Nyanzobe. Esteria alikuwa mmoja wao. Mwingine alikuwa Asia Hilali, binti wa mwenye duka la vitambaa pale Kasulu mjini, ambaye ukoo wake ulitoka Tanga. Bi Asia yu hai. Nilizungumza naye juzi, dukani kwake. Alinieleza hivi:

"Esteria alisimama akasema maneno yote bila kukosea hata moja. Mwalimu Philemon akamkatiza. Akamwambia, 'Binti, unasema Kiswahili, lakini nasikia Kiha kinatembea chini yake. Nyanzobe anasikilizwa nchi nzima.' Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, mwanangu. Sitakuficha."

Mwalimu Philemon alikuwa mtu wa Songea, mwongozaji wa michezo, mtu mwenye bidii. Hakuwa mtu mbaya. Baada ya kumkatiza, alimwomba Esteria amsaidie jambo dogo. Alale kwenye mkeka, asome maneno ya bibi kizee mgonjwa, ili wasichana waliobaki wapate mtu wa kujibizana naye. Kusaidia tu.

Esteria alilelewa na bibi yake. Alimuuguza mpaka mwisho, mwaka mmoja kabla ya kwenda chuoni. Basi alipolala pale kwenye mkeka, alikohoa kama bibi yake. Akainua mkono kama bibi yake, vidole vikitangulia, kiwiko kikifuata. Akasema, "Nani amefungua mlango?"

Bi Asia anasema chumba kizima kiligeuka kutazama mlangoni.

Kesho yake karatasi ilibandikwa. Nyanzobe, Asia Hilali. Bibi, Esteria Ntamahungiro.

Walizunguka na lori mwaka mzima. Ubao wa pembeni wa lori ukishushwa, hapo ndipo jukwaa. Nywele za Esteria zilipakwa unga wa muhogo ziwe nyeupe. Alifungwa kaniki kuukuu, akashikishwa fimbo. Na vijijini watu hawakumzungumzia Nyanzobe. Walimzungumzia Bibi. Wanawake walimletea uji nyuma ya lori, wakashtuka kuona msichana anaosha uso. Wengine hawakuamini. Walimpa uji huo huku wakimwamkia shikamoo.

Mwanzoni alifurahi. Aliniambia mwenyewe, nilipomtembelea nyumbani kwake mwaka elfu mbili na kumi na moja. "Nani hafurahi akipigiwa makofi? Lakini mimi nilimwazima bibi yangu siku moja, wakanikataza kumrudisha."

Maana Mwalimu Philemon alianza kumtaka awe Bibi hata nje ya jukwaa. Atembee ameinama kwenda bwaloni, mgongo uzoee. Asikimbie. Asiimbe na wenzake, asije akaharibu ile sauti. Mgongo ukaanza kumuuma kweli. Na Kiswahili, kile alichochekewa, Esteria alikuwa anakifanyia kazi. Kila Jumamosi alikwenda dukani kwa Mzee Hilali, akakaa na Asia nyuma ya majora ya vitambaa, Asia anatamka, yeye anarudia. Urafiki wao ulianzia hapo. Mwalimu alipogundua, alimwita ofisini. Akamwambia, "Usiisafishe hiyo lafudhi. Ndiyo inayomfanya Bibi awe Bibi."

Mnaona, wasikilizaji wapendwa? Kwanza lafudhi ilimfungia mlango. Alipojifunza kuiacha lafudhi ile, akaambiwa ibaki pale pale.

Januari ya mwaka sabini na tano wanafunzi walishindania nafasi tena. Mchezo ulikuwa ule ule, kwa sababu vijiji viliuomba. Esteria alisimama akasema maneno ya Nyanzobe. Baada ya hapo ilikuwa zamu ya Asia. Alisimama, akasema, "Mwalimu, mimi sina la kuongeza. Mpe yeye." Wenzao wakapiga makofi.

Karatasi ilipobandikwa iliandikwa vile vile. Nyanzobe, Asia. Bibi, Esteria.

Esteria alikwenda ofisini. "Shikamoo Mwalimu. Nimekosea wapi?"

"Marahaba. Hukukosea popote."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu Nyanzobe nitampata mwingine. Bibi nikimpoteza, mchezo umekwisha. Kama hutaki, lango lile pale. Rudi kwenu."

Rudi kwenu. Mfukoni Esteria alikuwa na barua ya mjomba wake, ina miezi mitatu. Ilikuwa miaka ya watu kuhamia vijiji vipya, mnakumbuka. Mjomba aliandika, "Usije Murungu ukatutafuta pale pale. Tumehamishwa kando ya barabara. Nyumba imebomolewa. Mama yako analala kwenye kibanda cha nyasi, anasubiri zamu ya kujengewa." Arudi wapi? Jina lake, Ntamahungiro, kwa Kiha ni kama kusema hakuna pa kukimbilia. Alikunja barua. Akaenda kupakwa unga.

Sasa nisikilizeni vizuri, tumefika Makere.

Ilikuwa Juni, mwaka sabini na tano, saa tisa alasiri, uwanja wa mpira. Siku hiyo kulikuwa na mgeni kutoka Dar es Salaam, Ndugu Gharibu. Alikuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kujiunga na kikundi kikubwa cha maigizo huko. Mmoja tu. Chuo kizima kilijua. Mwalimu Philemon aliketi naye mbele kabisa, kwenye viti vilivyoazimwa shuleni.

Nyuma ya lori Asia alichukua kopo la unga, akajimwagia kichwani mwenyewe.

Esteria akamshika mkono. "Unafanya nini?"

"Leo wewe utatoka, mimi nitalala kwenye mkeka. Haraka, nipe kaniki."

"Mwalimu atatufukuza."

"Baba ameshasema Dar es Salaam siendi, hata nikichaguliwa. Kwake mimi ni wa dukani. Sasa nafasi ipotee bure? Vua!"

Wakabadilishana nguo. Wenzao waliona, wakanyamaza. Mwalimu alikuwa mbele na wageni. Hakuweza kusimama na kusimamisha mchezo.

Esteria akapanda jukwaani akiwa Nyanzobe. Mgongo umenyooka, gauni la njano, nywele zimesukwa. Akafungua kinywa, "Mama, mbegu zimekwisha."

Na uwanja mzima ukalipuka. "Bibi! Bibi kapona!"

Tulikuwa tumeshauona mchezo mara mbili. Tuliijua ile sauti. Nasema tulikuwa, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu mimi Siti Dadi nilikuwepo. Nilikuwa darasa la kwanza, nimekaa kwenye majani na wenzangu, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. "Bibi! Rudi ukalale!" Hatukumchukia. Tulimpenda, na tulimtaka yule yule tuliyemzoea.

Alirudia maneno yake. Tukacheka. Akaendelea, tukaendelea kucheka. Mwanaume mmoja akasimama akamwigiza kwa kukohoa, watu wakashika mbavu. Ndipo Esteria akaacha kusema maneno ya mchezo. Akaja mpaka ukingoni mwa lori. Akatutazama. Akasema, bila kupaza sauti, "Mimi si mzee. Nina miaka ishirini."

Vicheko vikakatika. Nakumbuka nilisikia bendera ya shule ikipigapiga mlingoti.

Kisha akarudi katikati, akamaliza mchezo. Aliucheza wote. Nilikuwa mtoto, siwezi kuwaambia kama alicheza vizuri au vibaya. Najua kwamba Nyanzobe aliporudi na mbegu, mama yangu alikuwa analia.

Baada ya mchezo Ndugu Gharibu alikwenda nyuma ya lori. Akamwendea Asia, ambaye bado alikuwa na unga kichwani. "Wewe ndiye Bibi niliyesikia habari zake tangu Kigoma?"

Asia angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. "Bibi si mimi. Bibi ni huyu aliyevaa njano. Na kama una masikio, umemsikia leo akiwa Nyanzobe."

Ndugu Gharibu akamgeukia Esteria. Haya nimeyapata kwa Esteria mwenyewe, na Bi Asia ameyathibitisha.

"Nimekuona, ndugu. Umefanya vizuri. Lakini wasichana wa namna hiyo ninao sita. Bibi sina. Njoo Dar es Salaam uwe Bibi."

"Na nafasi nyingine?"

"Bibi."

"Kwa muda gani?"

Akacheka. "Mpaka uzeeke kweli, hapo hatutakupaka unga."

Esteria hakucheka. Alitazama lori. Alitazama mikono yake. Akasema, "Ahsante, ndugu. Siendi."

Mwalimu Philemon alimfuata, machozi yanamlengalenga. Akamwambia, "Umeufunga mlango kwa mkono wako mwenyewe." Akajibiwa, "Mwalimu, ule ulikuwa mlango wa chumba kile kile."

Aliondolewa chuoni wiki ile, miezi mitano kabla ya kupata cheti. Asia alitolewa na baba yake kabla hajafukuzwa. Hakuna aliyekwenda Dar es Salaam.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo alikuwa huru. Siwezi. Alikwenda kwenye kijiji kipya alikokuwa mama yake, kando ya barabara ya vumbi, mahali asipokuwa na mti hata mmoja alioupanda. Watu walimpokea kwa shangwe: Bibi amekuja! Alifundisha kisomo cha watu wazima, na wanafunzi wake, wenye umri wa wazazi wake, walimwita Bibi. Vijana waliotaka kuoa walimwita Bibi, wakaoa wengine. Redio ilipotangaza mchezo wa kuigiza, aliizima. Alinieleza, "Siku nyingine nilijuta mpaka nikaumwa kichwa. Nilitoka chumba kimoja nikaingia kingine. Sikukaa na raha, Siti. Lakini mgongo uliacha kuuma."

Mwaka sabini na tisa alirudi kijijini mtu mmoja aitwaye Felisiani. Alikuwa amekata mkonge Tanga kwa miaka minane. Alikutana na Esteria kisimani, akasikia anavyoitwa, akauliza, "Kwa nini wanakuita Bibi? Wewe mbona msichana?" Hakuwa ameuona mchezo. Katika kijiji kizima, ndiye mwanaume pekee ambaye hakuwa ameuona mchezo. Walioana mwaka ule ule, wakajaliwa watoto watatu.

Na ile siku nilipomtembelea, nilikiri kosa langu kwake. Nilimwambia, Mama, mimi nilikuwa Makere, nilipiga kelele pamoja na wale. Akanisogezea sahani ya ndizi. Akauliza, "Ulikuwa na meno ya mbele?"

Nikasema, yalikuwa yameng'oka mawili.

"Basi ulikuwa mtoto. Kula ndizi zako."

Binti yake mkubwa, Verediana, alikuwa naye hospitalini siku ya mwisho. Ameniruhusu niyaseme haya. Muuguzi, binti mpole, alikuja kumbadilisha shuka. Akasema, kwa heshima kabisa, "Bibi, geuka kidogo."

Mama Esteria akafungua macho. "Mimi naitwa Esteria."

"Nisamehe, Mama Esteria. Geuka kidogo."

Akageuka.

Wasikilizaji wapendwa, nawapa pole Mzee Felisiani, Verediana na wadogo zake, wajukuu, na ukoo wote wa Ntamahungiro. Pole Bi Asia Hilali, uliyebaki na duka na kumbukumbu. Mungu awape nguvu. Mazishi ni kesho, Murungu, saa nane mchana. Familia inaomba jambo moja tu: mtakaosimama kutoa salamu, mtajeni kwa jina lake.

Na wewe uliyebaki nyumbani, mtazame uliye naye hapo ndani. Yule mpole, yule mkali, yule unayesema siku zote ndivyo alivyo. Muulize leo kama ndivyo anavyotaka kuwa. Akikujibu, usimpigie kelele. Sisi tulipiga, na wengi wetu bado tupo hai, tunazikumbuka kelele zile.