Wimbo wa Tisa wa Tanner Voss

Basi la hapa Chattanooga, kusini mwa Marekani, lilichelewa tena, maana wakubwa wanaolipanga hawalipandi. Mbele yangu mama mmoja mwenye gita mapajani alikuwa akibishana na mzee asiyemjua kuhusu albamu mpya ya mwimbaji wa injili, Tanner Voss.

“Zile ngoma na magita nilishamsamehe,” alisema mzee. “Lakini wimbo wa tisa, dada, anamfokea Mungu kisa mkewe kafa, na jina la Yesu halimo hata mara moja! Ndiyo maana redio yetu ya Kikristo haiupigi.”

“Redio yenu inapiga za kuchekacheka tu, kama matangazo ya dawa ya meno. Leo namzika mdogo wangu Loretta, na huo wa tisa ndio nitakaomwimbia.”

“Mchungaji kakubali?”

“Kakataa. Anataka wa kupiga makofi.”

Mchungaji wetu naye alitaka hivyohivyo. Mke wangu alizikwa kwa makofi, kisha mchungaji akala kuku wa kukaanga sahani mbili.

“Watakuzimia maiki, dada.”

“Wazime. Nimekulia shambani, baba, nina sauti ya kuitia ng'ombe.”

“Haya, huyo Voss mwishoni anajibiwa?”

“Hajibiwi. Ila haachi kuita.”

Basi likasimama mbele ya kanisa. Mama akashuka na gita lake, mzee akampigia kelele dirishani kwamba wimbo ni mbaya hata hivyo.

Kituo changu kilikuwa bado mbali, lakini nikashuka nyuma yake, nione nani atathubutu kuigusa hiyo maiki.