Biskuti ya Mkono wa Pili: Maisha ya Dada Mkubwa

Ndugu waombolezaji, historia mnayosomewa ni ya pili kuandikwa, kwa sababu ile ya kwanza, iliyoandikwa na mdogo wa kiume wa marehemu, ambaye ndiye huyu aliyesimama mbele yenu na miwani ya kuazima, ilisomwa jana jioni mbele ya familia kwa sauti ya kujiamini, ikamfanya marehemu azaliwe miaka minne baada ya mdogo wake, na wote wakanyamaza kwa heshima isipokuwa mama mzazi, aliyeuliza taratibu kutoka kwenye kiti chake, "Basi wewe, aliyekubeba mgongoni alikuwa nani?" Msomaji, mtu aliyezunguka nchi nyingi na lori la mizigo, akavuka mipaka kwa karatasi zenye makosa makubwa kuliko hayo, akaichana karatasi ile, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Marehemu Dada Mkubwa, kama tulivyomwita nyumbani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na ghala la unga, akiwa wa kwanza kati ya watoto wa baba mpakia mizigo wa ghala hilo na mama mshonaji, na mama anashuhudia kwamba kabla hajaota meno alikuwa amekwisha kuramba kila kilichofikika, pamoja na ukuta.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na sekondari mwaka 1982, ambako alifaulu vizuri kemia na akafeli vizuri zaidi kunyamaza, kisha kuanzia mwaka 1986 hadi 1988 akasomea usindikaji wa chakula katika chuo cha ufundi, wakati ambapo baba, Mungu amrehemu, kwa kuona haya kusema binti yake yuko mbali na nyumbani kwa ajili ya biskuti, aliwaambia majirani kwamba anasomea udaktari wa unga.

Tarehe 5 Februari 1990 aliajiriwa katika kiwanda cha biskuti, akianzia kitengo cha kufungasha, akapanda ngazi kwa jasho lake mpaka mwaka 2004 alipokabidhiwa chumba cha bidhaa mpya, chumba chenye dirisha moja, tanuri dogo, mizani na meza ndefu ya sahani nyeupe, na huko ndiko alikopewa jina la Mama Onja. Aliwaita wafanyakazi wa kufungasha waje kuonja, akampa kila mmoja kipande kimoja, akaiacha sahani mezani, kisha akawapa mgongo akijifanya anaosha vyombo huku akiwatazama kwenye kioo cha dirisha, kwa maana hakuwa na haja ya maneno yao, alichongoja ni mkono wa pili, ule unaorudi kwenye sahani bila kuambiwa, kwani, kama alivyopenda kusema, mdomo una adabu lakini mkono hauna.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na fundi wa matanuri wa kiwanda hicho hicho, ambaye amekiri mwenyewe juzi, machozi yakimtoka, kwamba hata miaka kumi baada ya ndoa lile tanuri dogo alikuwa akiliharibu makusudi ili aitwe kulitengeneza na kumwona mkewe, na wakajaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1996, ambaye ni muuguzi, na wa pili mwaka 2001, ambaye ni mwalimu, wote wawili wakikua bila kula kitu kwa raha, maana kila tonge liliulizwa linasema nini nyuma ya ulimi.

Mwaka 2022 bei zilipopanda, mafuta leo, sukari kesho, keshokutwa hata karatasi ya kufungia, kiwanda kilimtaka Dada Mkubwa abuni biskuti itakayouzika katika hali hiyo, naye akajiwekea shabaha moja ambayo hakuiacha mpaka anaondoka duniani, yaani biskuti ambayo aliyeshiba ataipenda na mwenye njaa ataimudu. Alikataa kuichonga ile ya zamani kimyakimya na kuiacha kwenye pakiti ile ile, akisema mzazi unaweza kumdanganya, lakini mtoto ameshaipima biskuti yake kwa kiganja chake, huyo humwezi, na badala yake akachanganya unga wa aina tatu, akapunguza mafuta, akaongeza ufuta wa kukaanga ili harufu ifanye kazi iliyokuwa ya siagi, akaiweka katika pakiti ndogo iliyoandikwa wazi kwamba ni ndogo. Siku ya kuonja mikono yote ilirudi kwenye sahani, mingine mara tatu, na jioni hiyo alimpigia simu mdogo wake, aliyekuwa amekwama mpakani na lori, akamwambia, "Bwana mkubwa, nimeipata," na mdogo wake, ambaye hajawahi kupata chochote safarini isipokuwa malaria na viatu, alifurahi kana kwamba ameipata yeye.

Biskuti ile ilikwenda madukani, na wenye maduka wakairudisha kwa katoni, wakisema watoto wanaiuma mara moja na kuiacha, na Dada Mkubwa akakaa chumbani mwake bila kuelewa kosa liko wapi, mpaka asubuhi moja ilipotolewa mezani, kwa bahati mbaya, sinia ya biskuti zilizookwa bila sukari wala chumvi, kitu cha kufaa kuzibia ufa, na mikono ikarudi vilevile, wa pili na wa tatu, akageuka na kuuliza wanakipendea nini kitu kile, mama mmoja wa kufungasha akamjibu bila kinyongo, "Mama Onja, sisi tangu jana mchana hatujatia kitu mdomoni, wewe tuletee tu."

Fundi anasema siku hiyo mkewe alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Toka hapo akawa anawapa waonjaji chai na mkate kwanza, ndipo anawawekea sahani, na kweli ukweli ukaja, hakuna mkono uliorudi hata mmoja, Meneja wa kiwanda akauliza, na ni swali la haki kwa mtu mwenye kiwanda kinachozama, "Yaani tunawalisha ili waikatae bidhaa yetu?" chai ikafutwa, naye akaanza kubeba chupa ya chai kutoka nyumbani, ikawa kila anaporekebisha mchanganyiko wake bei ya kitu kimoja inapanda, akikitoa ladha inaondoka, akikirudisha mnunuzi anaondoka, na sisi ndugu zake tulimtazama kama watu wanaomtazama mtu akiteka maji kwa tenga, hatuna kamba, hatuna ndoo, tuna pole tu.

Novemba 2023 chakula kilianza kumkwama kooni, na tarehe 9 Januari 2024 madaktari wakasema ni saratani ya umio, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na mdogo wake akamletea asali, supu na juisi za kila mpaka anaoujua, vikajipanga dirishani pa wodi vikiwa vimefunguliwa kwa heshima tu, kwa kuwa mgonjwa alikuwa akiweka tone ulimini, akilitaja lina nini, kisha akilitema, na hakuna mmoja wetu aliyejua la kufanya isipokuwa kushika bakuli. Dada Mkubwa alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mama yake akiwa amemshika mguu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliosema kweli hata ilipokuwa chungu, majirani, waliopika, kufua na kulala hapa na sisi, na wafanyakazi wenzake, hasa wa kufungasha, waliokuja wodini kwa zamu wakiwa bado na kofia za kazi. Pumzika kwa amani, Dada Mkubwa, mahali pasipo na bei.

Msomaji alikuwa amefunga karatasi hapo, lakini mama mzazi ameagiza Meneja naye ashukuriwe kwa jina la kazi yake, kwa sababu alifika wodini peke yake, wiki moja kabla ya mwisho, na pakiti ya biskuti mpya iliyobuniwa bila Dada Mkubwa, akaifungua, akasema safari hii wote wamerudia, akimtaka aseme kama itafaa, kwani isipofaa kiwanda kitafungwa, na mgonjwa akaiweka ulimini muda mrefu, akaitema kwenye kitambaa, akauliza kwa sauti iliyobaki, "Hao walioonja walikuwa wamekula?"

Meneja akasema, "Mama, siku hizi nani kala?"