Aliyepiga Hodi Ghalani

Tarehe 30 Juni, Bi. Harleen Bhogal anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kutunza ghala letu la mabaki ya nyuklia hapa Muthangari. Wengi wetu tumepakana ukuta na ghala hilo bila kutaka kulijua. Yeye aliingia kwa niaba yetu.

Alianza akiwa mwanafizikia kijana kutoka mtaa wa Jamhuri, akapelekwa ng'ambo kujifunza jinsi fueli ya nyuklia iliyotumika inavyohifadhiwa. Alirudi na habari iliyotuharibia chai: fueli ile haitulii. Hukaa majini miaka na mikaka ikipoa, huku ndani yake madini yakigeuka madini mengine, gesi ikijikusanya na chuma kinachoifunika kikipoteza nguvu. Hata ikizikwa chini ya miamba, huendelea kubadilika karne baada ya karne, bila wa kuiona. "Hiyo fueli hatuna," alikuwa akisema, "lakini tuko na ndugu yake mdogo." Ndugu mwenyewe ni sindano za rediamu, madini ya mionzi yaliyotumiwa kutibu saratani, kutoka hospitali za zamani za mjini, ambazo nazo hutoa gesi usiku na mchana.

Ndiyo maana kila asubuhi aliwasha feni ya ghala, akasimama mlangoni na kupiga hodi mara tatu, polepole sana, ili kuipa feni muda wa kutoa gesi. Kisha akaingia. Sisi tulidhani ni adabu tu.

Mwaka juzi alipokwenda likizo ndefu, tulifuata desturi yake kwa uaminifu. Tulipiga hodi mara tatu, hakuna aliyeitikia, na kama watu waliolelewa vizuri tukarudi zetu. "Si wenyewe hawako?" alisema Nthiwa, mhasibu wetu, na tukacheka tukiwa tumeshafika mbali. Bi. Harleen aliporudi alikuta kifuniko cha kopo moja la rediamu kimevimba, kama kopo la maharagwe yaliyoharibika. Hakuna aliyekigusa. Kilisukumwa kutoka ndani.

Hakutugombeza. Alihamisha rediamu kwenye chombo kipya, akanawa mikono, akakaa kwenye ngazi. Alikuwa na hofu na alituambia wazi: siku atakayoondoka, hakuna atakayeingia.

Stellah Wamucii, fundi wetu wa vipimo, aliukataa ufunguo wa ghala mara mbili. Ana watoto wadogo, na kwao walimkanya. Bi. Harleen hakumbembeleza. Alimwomba tu asimame naye mlangoni, na baada ya wiki kadhaa, asogee ndani kidogo.

Ijumaa iliyopita Stellah aliingia peke yake. Bi. Harleen alibaki nje, hajui aweke wapi mikono. Stellah alitoka akasema kwamba kipimo cha mionzi kwenye kona ya nyuma kimepanda tangu jana, na kwamba atakitazama tena kesho. Bi. Harleen alitaka kuuliza ni chombo kipi, lakini akamwachia kazi hiyo.

Asante, mama, kwa kutulinda hata tulipokuwa tukikimbia. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na asubuhi za kukaa nyumbani bila haraka. Julai mosi, sisi ndio tutakaoingia.