Fundi Polepole na Kopo la Gundi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi viatu ambaye wateja walimwita Polepole. Alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka arobaini na mmoja. Ameondoka akiwa ametimiza miaka kumi na miwili bila kunusa gundi. Narudia: miaka kumi na miwili.

Alianza kazi angali kijana, kwenye karakana isiyo na dirisha. Gundi ya soli ilikaa wazi kutwa. Mwanzoni ilimuumiza kichwa. Baadaye ikamliwaza. Mwishowe akawa anaificha kwenye chupa, ndani ya mkono wa sweta. Akakonda. Akawa hasikii njaa. Kuna siku alilisahau hata jina la mama yake mzazi. Ndipo dada yake mkubwa, ambaye ni msusi, alipomkuta amelala chini ya meza ya kazi, midomo imebadilika rangi.

Alitibiwa, akapona, lakini si kabisa. Daktari aliwaambia wazi kwamba gundi imeumiza ubongo na moyo. Mikono ikabaki inatetemeka.

Alipotaka kurudi kwenye viatu, dada yake alikuja juu.

"Kazi zote duniani, unarudi kwenye ile ile?"

"Dada, mimi najua viatu tu. Ila gundi haitaingia dukani kwangu."

Na kweli, kila soli aliishona kwa sindano na uzi, tundu kwa tundu. Wenzake walimaliza kwa saa moja, yeye siku mbili. Wateja hawakumwacha salama.

"We fundi, mpaka umalize, mguu wa mwanangu utakuwa umekua!"

"Basi mlete tumpime upya, mama."

Sasa sikilizeni hili. Fundi mwenzake, asiyejua lolote, alimwonea huruma akamletea kopo la gundi. "Zawadi, ndugu yangu. Acha kujitesa." Akaliweka mezani, akaenda zake.

Polepole akalitazama. Mkono ukagusa kifuniko. Kisha akainuka, akamwacha mteja na kiatu kimoja mguuni, akavuka barabara mbio hadi saluni kwa dada yake. Akaketi katikati ya wanawake.

"Dada, kuna kopo mezani kwangu. Kaliondoe. Mimi sitoki hapa."

Wanawake wakaangua kicheko. "Shemeji, tukusuke mistari mingapi?"

"Hata ishirini, mradi mnicheleweshe."

Dada yake hakucheka. "Nilikimbia na kitana mkononi," anatuambia. "Kopo nikalitumbukiza chooni. Niliporudi, jasho linamtiririka, lakini yupo pale pale kitini. Siku ile nilitamba mtaa mzima."

Moyo ulioumizwa ujanani ndio uliochoka mwezi huu. Wodini, nesi aliyekuwa akijaza fomu alimuuliza kama anatumia kilevi chochote. Polepole akakusanya pumzi.

"Andika hapana, sista. Kwa herufi kubwa, dada yangu aisome akiwa mlangoni."

Dada, mama, na ninyi nyote mliovaa viatu alivyoshona, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nawe unayetusikiliza, labda nyumbani kwako yupo mtu aliyesema hapana leo. Leo tu, basi. Usimuulize habari za jana. Mwambie umemsikia.